Namna ya Kutunza Mpindo wa Asili wa Shingo

Shingo ya binadamu ina pingili saba, na mtu akitazamwa kwa ubavuni, pingili hizo hazikusimama wima bali zimepinda kidogo kuelekea mbele. Mpindo huo hujitokeza zaidi mtoto anapokaza shingo, na kazi yake ni kusaidia kubeba kichwa, ambacho kwa mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5. Kichwa kikitangulia mbele ya mabega kwa saa nyingi, misuli ya nyuma ya shingo hulazimika kukizuia kisianguke. Ndipo huchoka, hukakamaa na kuleta maumivu yanayopanda hadi kisogoni.

Wengi hushtuka wanapoambiwa kuwa picha ya eksirei imeonyesha shingo iliyonyooka. Taarifa hiyo peke yake si ugonjwa, kwa sababu mpindo unaweza kupungua kutokana na misuli iliyokaza au jinsi mtu alivyosimama wakati wa kupigwa picha, na wapo watu wengi wenye shingo ya namna hiyo wasiosikia maumivu yoyote. Linalostahili kutibiwa ni maumivu na udhaifu, si picha.

Ili kujipima, simama ukiegemeza mgongo ukutani, kisha jaribu kugusa ukuta kwa kisogo bila kuinua kidevu. Ukishindwa, huenda kichwa chako kimezoea kukaa mbele. Zoezi linalofaa ni hili: kaa wima, tazama mbele, kisha rudisha kidevu nyuma moja kwa moja, pasipo kukiinua wala kukiinamisha, mpaka uhisi mvuto mwepesi chini ya kisogo. Shikilia kwa sekunde 5, legeza, na urudie mara 10. Mvuto ni wa kawaida, lakini maumivu au ganzi ikishuka mkononi, acha mara moja.

Zoezi hilo halitafaa kitu ikiwa saa zilizobaki unainamia simu mapajani. Iinue ikaribie usawa wa macho huku viwiko vimeegemea meza, na ukingo wa juu wa kioo cha kompyuta uwe sawa na macho. Usiku, anayelala ubavu achague mto unaojaza nafasi iliyopo kati ya bega na sikio. Kulala kifudifudi huacha shingo imepindishwa upande mmoja kwa muda mrefu.

Kwa wanaochota maji, ndoo ya lita 20 ni kilo 20 zinazokandamiza pingili moja kwa moja. Kata, yaani kitambaa kinachoviringishwa na kuwekwa kichwani chini ya ndoo, husaidia ndoo itulie, lakini haipunguzi uzito wake. Hatari kubwa zaidi ipo wakati wa kujitwika na kutua, kwa hiyo ni vyema kutwishwa na mwenzako. Mwenye maumivu ya shingo agawe maji katika madumu mawili ya lita 10 na kuyabeba mikononi, au atumie mkokoteni.

Ninasisitiza kwa nguvu zote: usimruhusu kinyozi akuzungushe shingo ghafla mpaka ilie, hata kama wateja wote wanaona ni sehemu ya huduma. Ndani ya pingili hizo hupita mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo, na mshipa mmoja ukichanika unaweza kusababisha kiharusi. Mwenye shingo iliyokaza aende kwa mtaalamu wa fiziotherapia.

Maumivu mengi hupungua ndani ya wiki chache. Nenda hospitali bila kusubiri ikiwa maumivu yameanza baada ya ajali au kuanguka, ikiwa mikono inapoteza nguvu hata kufunga vifungo vya shati kumekuwa shida, ikiwa miguu inayumba au mkojo haudhibitiki, au ikiwa shingo imekakamaa pamoja na homa na kichwa kuuma sana, kwa sababu hiyo inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo.