Jinsi ya Kuanzisha Mfuko wa Wakfu wa Mafunzo ya Ualimu Chuoni

Anayetaka kusaidia mafunzo ya ualimu katika chuo kikuu anaweza kutoa fedha zitumike mpaka ziishe, au anaweza kuziweka wakfu, yaani mtaji ufungwe na kuwekezwa, kisha sehemu tu ya mapato yake itumike mwaka hadi mwaka. Kwa watu wa pwani jambo hili si geni hata kidogo: shamba la minazi lililowekwa wakfu kwa ajili ya msikiti haliuzwi, bali huuzwa nazi zake ili taa ziwake na mwalimu wa chuo cha Kurani apate posho. Vyuo vikuu vya Ulaya navyo vimeishi kwa utaratibu wa namna hiyo kwa karne nyingi. Vigoda vya theolojia, yaani nafasi za uprofesa, ambavyo Lady Margaret Beaufort, mama wa mfalme Henry wa Saba wa Uingereza, aliviwekea mali Oxford na Cambridge mwaka 1502 vingalipo hadi leo. Maelezo yanayofuata yanawahusu zaidi wahitimu, familia, makampuni na wakuu wa vitivo vya elimu nchini Tanzania, ingawa sehemu kubwa yake inafaa pia Kenya, mradi sheria za huko zifuatwe.

Kazi ya kwanza ni hati ya wakfu, nayo ipewe muda mrefu kuliko hatua nyingine yoyote. Mafaqihi, yaani wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, wana kauli kwamba sharti la mwenye kuweka wakfu lina uzito kama wa andiko la sheria, na hata katika mfuko usio wa kidini hali haiko mbali na hapo, kwa sababu kilichoandikwa ndicho kitakachowafunga watu ambao bado hawajazaliwa. Kosa linalotokea mara kwa mara ni kuandika lengo kwa ufinyu. Mtu aliyeweka fedha kwa ajili ya "walimu wa somo la Uraia" leo yuko katika utata, maana mtaala ulioanza kutekelezwa Januari 2024 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Na aliyetaja "walimu wa cheti cha P1" nchini Kenya naye ameachwa nyuma tangu mafunzo ya ualimu wa msingi yalipohamia ngazi ya stashahada mwaka 2021. Afadhali hati iseme kwamba mapato yatatumika "kuimarisha maandalizi ya walimu wa shule za msingi na sekondari, hasa mafunzo yao kwa vitendo, na kuwasaidia wahadhiri wanaojaribu njia mpya za kufundisha", kisha iongeze kifungu kinachowaruhusu wadhamini, yaani wasimamizi wa mfuko, kuchagua lengo la karibu zaidi iwapo lile la awali litashindikana. Kifungu hicho kikikosekana, fedha zinaweza kulala benki miaka mingi huku wanasheria wakibishana.

Kuna chuo kimoja, sikitaji, ambako niliwahi kuonyeshwa matunda ya mfuko wa aina hii. Hati ilikuwa imesema fedha zinunue "vifaa vya kisasa vya kufundishia", basi vikanunuliwa. Mlango wa chumba ulikuwa na kibao cha shaba chenye jina la mfadhili, na ufunguo ulikuwa kwa mtunza stoo ambaye siku hiyo hakuwepo. Alipopatikana tulikuta projekta tatu, mbili zimeungua taa, na hakuna kifungu chochote kilichoruhusu mapato kununua taa mpya, sembuse kumlipa mtu wa kuwafundisha wahadhiri kuzitumia. Tangu siku hiyo, kila ninapoombwa kusoma rasimu ya hati, natafuta kwanza maneno "matengenezo" na "mafunzo ya watumiaji".

Baada ya lengo huja hesabu. Mfuko wa wakfu hautumii faida yote inayopatikana, kwa sababu mfumuko wa bei unaula mtaji kimyakimya: bei zikipanda kwa asilimia 4 kwa mwaka, shilingi milioni 250 za leo zitakuwa na nguvu ya kununua ya karibu nusu yake baada ya miaka 18, hata kama kwenye vitabu bado zinasomeka milioni 250. Ndiyo maana mifuko mingi ya vyuo vikuu, hasa Marekani, hutumia kati ya asilimia 4 na 5 ya thamani ya mfuko kwa mwaka, nayo hupigwa kwa wastani wa miaka kadhaa ili mwaka mmoja mbaya usivunje ratiba za chuo. Tuchukue mfano. Ikiwa thamani ya mfuko kwa miaka mitatu ilikuwa milioni 250, milioni 270 na milioni 230, wastani ni milioni 250, na asilimia 4 yake ni milioni 10. Hicho ndicho kiasi cha kutumia, hata kama mwaka huo hati fungani, yaani fedha ambazo serikali imekopeshwa kwa riba, zimeleta mara mbili yake. Kinachozidi kirudi kwenye mtaji.

Jambo hili ni muhimu zaidi kwetu kwa sababu viwango vya hati fungani za serikali vinavutia, na mvuto huo ni mtego. Hati fungani ya Tanzania ya miaka 20 ilikuwa na riba ya asilimia 15.49, lakini mwaka 2022 Benki Kuu iliteremsha kiwango hicho kwa hati mpya hadi asilimia 12.10. Mfuko uliokuwa umejipangia kutumia riba yote ungelazimika kukata ahadi zake pindi hati zake za zamani zinapoiva. Wadhamini wasio na mtaalamu wa fedha miongoni mwao wanaweza kugawa mtaji kati ya hati fungani za muda tofauti na mifuko ya uwekezaji wa pamoja kama ile ya UTT AMIS, na wakfu unaofuata sharia utafute sukuk, yaani hati za uwekezaji zisizo na riba, ambazo zimeanza kutolewa nchini, au majengo ya kupangisha.

Kuhusu makazi ya mfuko kisheria, ama uwekwe ndani ya hesabu za chuo ukiwa na akaunti yake, ama wadhamini wasajiliwe RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, chini ya Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318. Njia ya kwanza ni nyepesi na ina gharama ndogo. Njia ya pili inafaa pale mtaji ni mkubwa au mfadhili anahofia fedha zisije zikaazimwa kulipia umeme wa chuo.

Sasa matumizi, na hapa nasema wazi ninakoegemea. Mwanachuo wa ualimu hujifunza kazi yake zaidi katika wiki zile takribani nane za mazoezi ya kufundisha kuliko katika muhula mzima wa mihadhara, na anayemfundisha wakati huo ni mwalimu mlezi wa shule aliyopangiwa. Mwanachuo mwenye mkopo hupata fedha za mafunzo kwa vitendo kutoka Bodi ya Mikopo, mhadhiri anayekwenda kumkagua hulipwa posho ya safari, lakini yule mlezi anayekaa nyuma ya darasa kila siku, akasahihisha andalio la somo kwa kalamu nyekundu na kumwambia kijana kwamba ameongea dakika 35 kati ya 40, mara nyingi huambulia asante tu. Katika zile milioni 10 za mfano wetu, walezi 20 wakipewa shilingi 150,000 kila mmoja ni milioni 3, na kwa masharti kwamba wahudhurie mafunzo ya siku mbili ya namna ya kutoa mrejesho, sijui matumizi gani mengine yangeleta faida zaidi kwa fedha hizo.

Ruzuku tatu za shilingi milioni 1.5 kwa wahadhiri wabunifu zitachukua milioni 4.5 nyingine. Fomu ya maombi isizidi kurasa mbili, iulize mambo matatu tu: wanafunzi wanakwama wapi, mhadhiri atajaribu nini, na atajuaje kama imesaidia. Ombi zuri hujitambulisha lenyewe. Mhadhiri wa kemia anaweza kuandika kwamba wanachuo wake wanakwenda shule zenye bureti moja, yaani mrija wa kupimia vimiminika, kwa wanafunzi 60, kwa hiyo anataka kuwazoesha kufanya jaribio la tindikali na besi kwa mabomba ya sindano yasiyo na ncha, huku maji ya choya yakitumika kuonyesha rangi inapobadilika. Kisha atawafuata wanachuo hao shuleni kuona ni wangapi waliofanya jaribio hilo kweli mbele ya darasa. Hapo ubunifu unaonekana na unapimika. Ombi linaloanza na orodha ya kompyuta lirudishwe kwa mwombaji, kwa heshima, aeleze kwanza tatizo lenyewe.

Zinazobaki zigawiwe kati ya siku moja ya mwaka ambapo waliopata ruzuku hufundisha, si kuhutubia, mbele ya wenzao na walezi, na akiba ndogo ya dharura. Kamati ya uteuzi iwe na watu watano, angalau wawili kati yao wakiwa walimu wanaofundisha shuleni sasa hivi, na mjumbe yeyote mwenye ombi mezani atoke nje ya chumba. Taarifa kwa mfadhili iwe ya kila mwaka: ukurasa wa hesabu zilizokaguliwa, na ukurasa wa mwalimu mlezi mmoja akieleza kwa mkono wake alichokiona.

Mwaka wa kwanza kusitolewe ruzuku yoyote. Mapato yarudi kwenye mtaji, na kamati iutumie muda huo kuijaribu fomu kwa wahadhiri wawili au watatu ili ione ni swali gani hawakulielewa.