Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kwenda Kula Katika Mkahawa Mdogo Usiojulikana

Mkahawa mdogo unaoendeshwa na mtu mmoja au na familia, usio na matawi wala matangazo, unaweza kukulisha chakula ambacho hutakipata kwingine jijini. Hata hivyo, mambo ambayo mikahawa mikubwa huyaandika mlangoni au kwenye menyu, kuanzia saa za kufungua hadi viungo vilivyomo katika mchuzi, mara nyingi mkahawa wa aina hii huyaweka kichwani mwa mpishi. Anayekwenda huko ajiandae kabla hajatoka nyumbani.

Kwanza, usichague mahali kwa kuhesabu nyota za mtandaoni peke yake. Mwaka 2017 mwandishi wa Uingereza, Oobah Butler, alisajili kibanda cha nyuma ya nyumba alimokuwa akiishi London kwenye TripAdvisor, tovuti ya maoni ya wateja na wasafiri, kana kwamba ni mkahawa, akakipamba kwa maoni ya uongo na picha za vyakula vilivyoundwa kwa vitu visivyolika, likiwemo povu la kunyolea ndevu, na kibanda hicho kikapanda hadi nafasi ya kwanza jijini humo kabla hakijampikia mteja hata mmoja. Ni salama zaidi kumwuliza mtu anayefanya kazi mtaani humo kila siku: dereva, mlinzi, mchuuzi, muuguzi anayetoka zamu ya usiku. Usimwulize mkahawa gani ni mzuri, kwa sababu atakutajia ule anaodhani unamfaa mgeni. Mwulize yeye mwenyewe alikula wapi jana.

Piga simu kabla ya kwenda, kwa kuwa mikahawa mingi ya aina hii hufungwa pale chakula kinapokwisha, si saa inapofika. Beba fedha taslimu. Msiende kundi kubwa bila taarifa, maana jiko lenye mpishi mmoja haliwezi kupakulia watu kumi kwa wakati mmoja. Ukiweza, nenda saa ambayo wateja wa kawaida wanakula, kwani sufuria inayokwisha haraka haipati nafasi ya kulala.

Kuhusu usafi, zipo nchi na miji yenye utaratibu wa kubandika matokeo ya ukaguzi mlangoni. Los Angeles hutumia herufi tangu mwaka 1998, New York tangu mwaka 2010, na Wales iliufanya ubandikaji huo kuwa sharti la kisheria mwaka 2013. Palipo na karatasi ya aina hiyo, isome kabla ya kukaa. Pasipokuwa nayo, tazama mwenyewe. Je, mkono unaopokea fedha ndio unaogusa chakula? Je, chakula cha moto kinatoa mvuke au kimepoa tu kwenye sinia? Shirika la Afya Duniani linashauri chakula cha moto kikae katika joto la zaidi ya nyuzi 60 za Selsiasi, na chakula kilichopikwa kisiachwe nje kwa zaidi ya saa 2. Wali ndio wa kuangalia kwa makini zaidi, kwa sababu uliopikwa ukaachwa upoe polepole unaweza kuzalisha bakteria ambao sumu yao haiharibiki hata ukipashwa moto upya. Ukiwa na shaka, ondoka. Hudaiwi na mtu kwa chakula ambacho hujakiagiza.

Jambo ambalo ningependa kila msomaji alishike kwa mikono miwili ni hili: ikiwa wewe au mwenzako ana mzio wa chakula chochote, mwulizeni aliyeshika mwiko, si aliyeshika sahani. Nimeona kinachotokea watu wasipofanya hivyo. Rafiki yangu mwenye mzio wa karanga alikaa mezani katika mkahawa mdogo tulioelekezwa na watu wa mtaani, akauliza kwa adabu na kwa uwazi, "Dada, mchuzi huu una karanga?" Mhudumu akajibu, "Hapana, kaka, hauna." Hakudanganya. Mchuzi ule kweli haukuwa na karanga. Asichokijua ni kwamba jikoni upawa mmoja ulikuwa ukipakulia sufuria mbili, na sufuria ya pili ilikuwa imeungwa kwa karanga za kusaga.

Kabla sahani haijafika nusu, rafiki yangu alianza kujikuna midomo. Mabaka mekundu yakapanda shingoni, kisha sauti ikakauka, na kila alipojaribu kusema alikohoa. Sindano yake ya adrenalini, dawa ya dharura ya mzio mkali, ilikuwa kwenye mkoba, na mkoba ulikuwa kwenye gari tuliloliacha mbali kwa kuwa kichochoro kile hakipitiki kwa gari. Mmoja wetu alitimua mbio kuifuata. Waliobaki walishauri kila mtu lake: huyu alileta maziwa, yule alitaka mgonjwa asimamishwe apigwe na upepo, na kumsimamisha au kumtembeza ni hatari, kwa kuwa shinikizo la damu linaweza kushuka ghafla. Mtu wa namna hiyo hulazwa chali na miguu kuinuliwa, au kama anapumua kwa shida huachwa akae miguu ikiwa imenyooshwa mbele. Mpishi, mama mtu mzima, alitoka jikoni upawa ungali mkononi, akamtazama, akasema kwa uchungu, "Mwanangu, mbona hukuniuliza mimi?"

Sindano ilifika, akachomwa upande wa nje wa paja, na pumzi ikaanza kurudi. Hospitalini walimweka chini ya uangalizi, kwa sababu hali hiyo inaweza kujirudia baada ya saa kadhaa hata kama mgonjwa ameshaonekana mzima. Alipona kabisa.

Kwa hiyo, omba kuzungumza na mpishi kabla ya kuagiza, na swali lako lisiishie kwenye chakula chenyewe. Uliza mafuta ya kukaangia ni ya nini na karai limekaangiwa nini kabla, uliza mchuzi umeungwa kwa kitu gani, na uliza kama kuna upawa, kisu na ubao ambavyo havijagusa kile usichoweza kula. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Desemba 2014, hata anayeuza chakula kisichofungashwa anatakiwa kutoa taarifa kuhusu makundi 14 ya vyakula vinavyosababisha mzio, lakini sheria hiyo haitakufaa ikiwa anayekujibu hajaingia jikoni siku hiyo. Ikiwa hamwelewani kwa lugha, nenda na karatasi iliyoandikwa kwa lugha ya mpishi. Dawa ikae mfukoni mwako, si garini, na wenzako wajue iko mfuko gani na hutumiwaje. Adrenalini ndiyo ya kwanza. Vidonge vya kutuliza muwasho havichukui nafasi yake. Mpishi akisema hawezi kukuhakikishia, mshukuru kwa dhati na uende kula kwingine.

Mengine ni ya kawaida, lakini yasisahauliwe. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, hasa jikoni na kwa wateja wengine. Mwulize mwenye mkahawa kabla ya kuutangaza kwa watu wengi, kwa sababu jiko dogo likivamiwa ghafla wateja wake wa kila siku ndio wanaokosa chakula. Maji ya kunywa yawe ya chupa iliyofungwa kama huna hakika na ya bomba. Njia ya kurudi ipangwe mapema, hasa usiku, simu iwe na chaji ya kutosha, na mtu mmoja aliyebaki nyumbani ajue mtaa mliko.