Dohani Inavuja Maji Meusi? Saruji Iache Kwanza

Mimi ni fundi matofali huku Njombe, ambako Juni na Julai sebule bila moto haikaliki. Nyumba moja ilikuwa na doa la kahawia ukutani, juu ya meko. Nikapiga plasta, nikalipwa. Miezi miwili baadaye mama mwenye nyumba akapiga simu: "Fundi, doa lako limerudi." Nikapiga tena, likarudi tena. Kumbe maji hayakuwa ya mvua, yalikuwa ya kuni.

Hatua ya 1: Jua maji yanatoka wapi
Siku nne tano za mvua usiwashe moto. Tandika gazeti ndani ya meko. Likilowa, tatizo liko juu ya paa. Likibaki kavu, lakini ukiwasha moto yanachuruzika maji meusi yanayonata, tatizo ni kuni na ubaridi wa dohani. Yote mawili kwa pamoja pia nimeyaona.

Hatua ya 2: Kausha kuni
Kuni mbichi, karibu nusu ya uzito wake yaweza kuwa maji. Yanapanda kama mvuke, yakikuta kuta baridi yanageuka matone, yanachanganyika na moshi na kuwa kama lami. Pasua kuni, zipange juu ya magogo mawili zisiguse ardhi, ezeka juu tu, ubavuni upepo upite. Miwati na mikaratusi siichomi kabla ya miezi sita. Tia alama kipande kimoja, kipime kila Jumapili. Uzito ukiacha kushuka, zimekauka. Wapo wanaogonga vipande viwili na kusikiliza mlio. Hawakosei sana, ila mizani haibishani.

Hatua ya 3: Sugua dohani
Moto uwe umezimika tangu jana. Ziba mdomo wa meko kwa turubai, vaa barakoa, shusha brashi ya waya. Masizi ya unga hutoka kirahisi. Ukikuta utando mgumu unaong'aa, usiwashe moto mpaka utoke wote: huo hushika moto humo humo ndani, na mbao za paa ziko jirani.

Hatua ya 4: Panda juu
Weka kofia ya bati yenye miguu minne. Nafasi za pembeni kwa jumla zisipungue ukubwa wa tundu la dohani, la sivyo moshi utarudi sebuleni. Zege la kichwani mwa dohani liwe na mteremko na litokeze nje ya ukuta wake kwa sentimita 5 hivi. Dohani inapotokea kwenye paa, bati la kukinga maji liingie ndani ya kiungo cha matofali. Kupaka lami tu ni kiraka cha msimu mmoja.

Kama dohani yako ni bomba la bati, kipande cha juu kiingie ndani ya kile cha chini. Wengi hufunga kinyume wakiogopa moshi kuvuja. Moshi unavutwa juu. Kinachoshuka ni maji, na yakikuta kiungo kimegeuzwa yanatokea nje.

Hatua ya 5: Washa moto vizuri
Choma karatasi kwanza dohani ipate joto, kisha moto mkali nusu saa. Gogo la kufuka usiku kucha ndilo linalozaa maji.

Plasta ni ya mwisho, ukuta ukishakauka. Rangi ya mafuta usiipake hapo, inafungia unyevu ndani. Yule mama nilimpigia plasta ya tatu bure.