Kizibo cha pua baada ya upasuaji wa sinasi: uliza kitatokaje

Mimi ni mkulima wa korosho, Tandahimba. Kila mwaka kuanzia Juni naingia shambani na pampu kupulizia salfa, na pua yangu iliikataa kazi hiyo zamani. Vinyama vya puani viliota, vikatolewa, vikaota tena. Thieta nimeingia mara mbili, shemeji yangu wa Newala mara moja, na kati yetu tumewekewa vizibo vya aina tatu. Mtu akiniambia anakwenda kufanyiwa upasuaji wa sinasi, yale matundu ya hewa ndani ya mifupa ya uso yanayofunguka puani, humwambia asiogope kisu. Kisu kitamkuta amelala. Kizibo atakaa nacho macho.

Kizibo ni kitu kinachojazwa puani upasuaji ukiisha. Kazi yake ni kubana panapovuja damu na kuzitenga kuta zilizochubuka zisije zikagandana. Si kila mtu anazibwa. Damu ikikata vizuri, madaktari wengine humwacha mgonjwa na pua wazi. Kwa hiyo swali la kwanza: "Daktari, ni lazima nizibwe?" Akisema ndiyo, uliza kwa kitu gani, vingapi, na vitatolewa lini na nani.

Mara ya kwanza niliwekewa gozi. Ni utepe mrefu kama utambi wa koroboi, umepakwa Vaselini au ile dawa ya njano yenye aidofomu, halafu unakunjwa puani tabaka juu ya tabaka. (Aidofomu ina iodini; kama inakudhuru, sema mapema.) Ni rahisi, unapatikana karibu kila hospitali, na unabana kwelikweli. Shida ni siku ya kutoka, kwa kawaida siku moja au mbili baadaye. Nyuzi zinashika kidonda. Nesi alivuta, akavuta, nikadhani anafika kwenye ubongo. Omba dawa ya maumivu kama nusu saa kabla, usiende na njaa, na ukae kitini, wapo wanaozirai. Mahali pengine gozi hutiwa ndani ya kidole cha glovu na kufungwa uzi. Usikidharau, kinateleza na hakigandi.

Nasisitiza idadi kwa sababu yalinikuta. Wiki ya tatu pua ya kushoto ilianza kunuka kama dagaa waliolala, mke wangu akahamia chumba cha watoto. Kumbe kipande kimoja kilibaki. Tangu hapo nataka iandikwe kwenye karatasi ya ruhusa: kulia vingapi, kushoto vingapi. Vikitolewa, nahesabu mwenyewe.

Mara ya pili ilikuwa sponji. Inaingia kavu, nyembamba na ngumu kama kopa la muhogo. Ikipata maji inavimba na kujaza pua. Ina uzi unaobandikwa shavuni kwa plasta. Usiuvute, hata uwashe vipi. Siku ya kuitoa, hakikisha inalowanishwa kwanza kwa maji ya chumvi, ikae kama dakika kumi. Ikivutwa kavu inaondoka na ngozi. Yangu ililowanishwa, na machozi yalinitoka kidogo tu.

Shemeji alipata povu linaloyeyuka. Hakuna kuvutwa. Lilikatika lenyewe taratibu kwa karibu wiki mbili, likitoka kama makamasi mazito kila akisafisha pua. Kwa sisi wa mbali na mjini linavutia, ila ni ghali, halibani sana damu ikiwa nyingi, na huenda likahitaji kuagizwa. Uliza siku kadhaa kabla, si asubuhi ya upasuaji. Pia lisikudanganye. Shemeji nusura asirudi kliniki akidhani amemaliza, wakati daktari bado alikuwa na magamba ya kuondoa.

Kizibo kikiwa ndani, utapumua kwa mdomo: lalia mito miwili, weka maji karibu. Chafya ikija, fungua mdomo. Usipenge. Usinywe aspirini wala ibuprofeni bila ruhusa. Ukiambiwa uanze kusafisha pua, nunua duka la dawa chupa ya dripu ya chumvi ya 0.9%; maji ya kisima yaache kwa kufulia. Salfa msimu ule alipulizia mdogo wangu, mimi nikakaa upande upepo unakotoka na kutoa maelekezo ambayo hakuna aliyeyaomba.

Rudi hospitali mara moja ukiona damu inatiririka au unaimeza mfululizo, homa, kutapika, vipele, jicho kuvimba au kuona vibaya, shingo kukaza, kichwa kuuma vikali, au maji maangavu yanayodondoka puani. Kabla hujapanda gari la kurudi kijijini, chukua namba ya simu ya wodi na uijaribu ukiwa bado umesimama pale mlangoni.