Namna ya Kusoma Shahada ya Uchumi katika Chuo Kikuu Binafsi Ukiwa Dodoma

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza ya uchumi aliyeko Dodoma ana fursa ambayo wenzake wa mikoa mingi hawana, kwa sababu mambo anayofundishwa darasani yanajadiliwa, yanapimwa na kutangazwa katika mji huohuo anaoishi. Bunge liko hapa, Wizara ya Fedha iko Mtumba, na makao makuu ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu yako hapahapa mjini. Mwongozo huu unahusu jinsi ya kuitumia fursa hiyo, kwa kuwa shahada hii ikisomwa kwa vitini vya kunakili peke yake humwacha mhitimu na istilahi nyingi asizoweza kuzitumia mbele ya takwimu halisi.

Kabla ya kulipa ada, fungua mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) uhakikishe kwamba programu yenyewe, na si chuo tu, imeorodheshwa humo, kisha usome sifa zake neno kwa neno, hasa kuhusu hisabati. Wanafunzi wa vyuo binafsi pia huomba mkopo wa Bodi ya Mikopo, lakini sehemu ya ada unayopangiwa inaweza kuwa pungufu ya ada halisi ya chuo. Kwa hiyo omba orodha ya michango yote kwa maandishi, na ukubaliane mapema na wazazi au walezi juu ya nani atalipa kinachobaki na kwa awamu zipi.

Baada ya hapo, nguvu zako za mwaka wa kwanza zielekee kwenye hisabati. Aliyetoka mchepuo wa EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) amekwisha kuizoea kalkulasi, yaani hisabati ya viwango vya mabadiliko, ilhali aliyetoka HGE (Historia, Jiografia na Uchumi) huenda hana msingi wa kutosha, na tofauti hiyo hujitokeza waziwazi pale mhadhiri anapoanza kutafuta kiwango cha uzalishaji kinachompa mwenye kampuni faida kubwa kuliko vyote. Tenga muda kila siku wa kutatua maswali kwa mkono wako mwenyewe, bila kutazama majibu, hadi utakapoweza kueleza kila hatua kwa mdomo. Ikiwa darasa lako ni dogo, jambo linalotokea mara nyingi katika vyuo binafsi, nenda ofisini kwa mhadhiri na karatasi uliyokwama nayo. Mhadhiri anayekufahamu kwa maswali yako atakusaidia zaidi kuliko yule anayekufahamu kwa namba ya usajili tu.

Kila dhana mpya itafutie mfano wenye namba. Tuseme debe la mahindi limepanda kutoka shilingi 16,000 hadi 20,000, na mama lishe aliye karibu na chuo amepunguza ununuzi wake kutoka madebe 10 hadi 9 kwa mwezi. Bei imepanda kwa asilimia 25 na kiasi kimeshuka kwa asilimia 10, hivyo unyumbufu wa uhitaji, yaani asilimia ya badiliko la kiasi ikigawanywa kwa asilimia ya badiliko la bei bila kujali alama ya kutoa, ni 0.4, na matumizi yake yameongezeka kutoka shilingi 160,000 hadi 180,000 ingawa ananunua kidogo zaidi. Geuza hesabu hiyo upande wa pili, bei ikishuka kwa asilimia kubwa kuliko ile ambayo kiasi kinachouzwa kinaongezeka, na utaanza kuelewa kwa nini mavuno yakiwa mengi kote nchini mkulima wa Kongwa anaweza kuuza magunia mengi zaidi kwenye soko la mahindi la Kibaigwa na bado akarudi nyumbani na fedha pungufu. Ukipata nafasi, nenda Kibaigwa, uulize bei wakati wa mavuno na uiulize tena miezi kadhaa baadaye. Tofauti hiyo itakufundisha mengi kuhusu gharama za kuhifadhi nafaka.

Uchumi jumla, yaani uchumi wa nchi nzima, unahitaji uangalifu wa namna nyingine, kwa sababu vitini huchakaa. Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania iliacha mfumo wa kulenga kiasi cha fedha na kuanza kutumia Riba ya Benki Kuu, yaani riba elekezi ya kuongoza riba za mikopo baina ya mabenki, iliyoanzia asilimia 5.5 na kupandishwa hadi asilimia 6 mwezi Aprili mwaka huohuo. Anayesomea maelezo yaliyoandikwa kabla ya hapo atajibu mtihani kwa sera isiyotumika tena. Soma taarifa za Kamati ya Sera ya Fedha zinapotoka, na kila mwezi linganisha mfumuko wa bei unaotangazwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu na bei unazoziona katika Soko la Majengo au Soko la Job Ndugai. Mwezi Juni, hotuba ya hali ya uchumi na hotuba ya bajeti husomwa bungeni kabla ya mwaka mpya wa fedha kuanza tarehe 1 Julai. Zisome zote mbili, ukitafuta nakisi, yaani pengo kati ya mapato na matumizi ya serikali, ni kiasi gani na itazibwa kwa mikopo ya ndani au ya nje.

Historia nayo isipuuzwe. Mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza Kongwa mwaka 1947 ulifutwa mwaka 1951 baada ya kugharimu takriban pauni milioni 36, kwa kuwa udongo na mvua havikuchunguzwa ipasavyo, na fedha ziliendelea kumwagwa ilhali dalili za kushindwa zilikuwa wazi. Sijui mfano bora kuliko huu wa kumfundishia mwanafunzi kwamba gharama iliyokwisha kuzama, yaani fedha iliyotumika na isiyoweza kurudi, haipaswi kuongoza uamuzi unaofuata.

Utafiti wa mwaka wa mwisho uanze kuufikiria mwaka wa pili, sambamba na ekonometriki, yaani somo la kupima nadharia za uchumi kwa takwimu, na ujifunze programu ya takwimu iitwayo R, ambayo hupatikana bila malipo. Chagua swali dogo ambalo data zake unaweza kuzifikia, kwa mfano jinsi wakulima wa zabibu wa Mpunguzi au Hombolo wanavyoamua kumuuzia mchuuzi au kiwanda cha mvinyo. Omba barua ya utambulisho chuoni mapema, uipeleke halmashauri, kisha kwa mtendaji wa kata na wa kijiji, kwa sababu pasipo barua hiyo hata mkulima aliye tayari kukujibu atasita, na msimu wa mavuno hautakusubiri.