Majani ya mgomba: hesabu kwanza, dawa baadaye

Shamba langu la ndizi liko Luwero, Uganda. Huku ni chini na joto zaidi kuliko Mbarara au Bushenyi, na Sigatoka nyeusi hupenda hali hiyo. Kuvu huyu hauui mgomba. Huumaliza majani, ndizi zikabaki nyembamba na kuiva kabla ya wakati.

1. Hesabu. Chagua migomba kumi iliyoanza kutoa mkungu. Kwa kila mmoja hesabu majani ambayo zaidi ya nusu yake bado ni kijani. Yakifika 8 mkungu utajaa vizuri. Yakipungua, shughulika leo hii, maana mgomba ukishatoa mkungu hauoti jani jipya tena. Yaliyopo ndiyo yatakayoulisha hadi mavuno.

2. Geuza jani. Tazama upande wa chini. Sigatoka huanza kama vistari vidogo vya rangi ya kutu, kisha huwa vyeusi, mwishowe madoa makavu yenye kijivu katikati. Jani likinyauka kwa unjano na shina likikatwa likatoa usaha wa njano, huo ni mnyauko wa bakteria, ugonjwa mwingine kabisa. Mgomba ukianguka wenyewe, pasua tunguu, yaani sehemu nene ya mgomba iliyo ardhini. Mashimo yaliyojaa unga mweusi ni kazi ya mdudu aitwaye fukusi.

3. Kata kwa kiasi. Ondoa sehemu iliyokauka tu. Jani zima likatwe pale ambapo zaidi ya nusu imekufa. Msimu mmoja nilikata kila jani lenye doa, nikidhani nasafisha shamba. Mikungu ya msimu ule ilinitia uchungu: vidole kama vya mtoto. Rundika majani uliyokata katikati ya mistari, yafunike kwa nyasi, kwani yakiloa huendelea kurusha mbegu za kuvu. Wakati wa mvua pita kila wiki.

4. Ruhusu upepo. Acha mama, mtoto na mjukuu tu kwa kila shina, nafasi mita 3 kwa 3. Palilia. Matandazo yasiguse shina, fukusi hujificha humo.

5. Tega fukusi. Pasua gogo la mgomba uliovunwa, vipande vya sentimita 30 hivi, ulaze upande uliokatwa chini, kando ya shina. Baada ya siku tatu funua, okota, ua. Kwa machipukizi ya kupanda: menya tunguu, kisha litumbukize katika maji yanayochemka kwa sekunde 30.

6. Mnyauko. Uliripotiwa Uganda mwaka 2001, kwanza upande wa Mukono, na husambazwa na panga pamoja na wadudu wa maua. Chane ya mwisho ikitoka, vunja ua dume kwa kijiti chenye panda, usitumie panga. Shina lenye dalili likate chini kabisa, kisha pitisha panga motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine. Vijana wangu hukasirika kwa kuchelewa, mimi siachi.

7. Dawa ya kuvu. Nyunyiza kama hesabu ya majani bado inashuka baada ya hayo yote. Badilisha kundi la dawa kila awamu, si jina la chupa tu, ili kuvu usizoee. Soma kibandiko, vaa glavu na barakoa.

Ukipanda sehemu mpya, jaribu Kiwangaazi, aina ya mgomba iliyozalishwa katika kituo cha utafiti cha Kawanda, inayohimili Sigatoka. Wateja wangu wengine bado wanataka matoke ya zamani, kwa hiyo nimeigawia nusu ya eneo.