Vumbi linamaliza misitu ya nchi kavu, anza na visiki kabla ya kukimbilia miche

Ndugu wakulima na wafugaji, mti wa nchi kavu jua umelizoea, shida ya sasa ni kwamba joto limepanda na ukame unakuja mfululizo, mti haujapona kiangazi hiki kingine kishafika, halafu juu yake linakuja vumbi.

Pitisha kidole kwenye jani baada ya dhoruba uone, ule ungaunga ndo unaziba vitundu vya hewa, unapunguza mwanga na jani linazidi kupata joto, yaani mti unatengeneza chakula kidogo wakati ndo unakihitaji. Ukishachoka hivo wadudu wa magome na fangasi wanaingia. Misitu ya mialoni kwenye milima ya Zagros kule Irani imekauka sehemu kubwa kwa mchanganyiko huohuo.

Miche ndo inaumia zaidi, maana mchanga mwingi unaruka chini ya nusu mita kutoka ardhini, shina changa linachunika kama limepigwa msasa.

Kwa hiyo ukiona msitu umekonda usiwahi kuagiza miche, zunguka kwanza utafute visiki. Kisiki kilichokatwa zamani mara nyingi mizizi yake bado iko hai na imeshafika kwenye unyevu, mche wa kitalu hiyo hauna kabisa. Chagua machipukizi matatu hadi matano yaliyonyooka, mengine kata, hayo uliyobakiza pogoa matawi ya chini mpaka kama nusu ya urefu, weka alama ya kitambaa ili wachungaji wajue, na mwaka unaofuata rudia. Hii ndo kisiki hai, na huko Maradi nchini Niger ilishika kasi kuanzia miaka ya 1980, leo nchi hiyo inahesabiwa hekta kama milioni 5 zilizorudi na miti, na watu hawakupanda, walitunza tu!

Ardhi nayo isibaki uchi. Mabaki ya mazao usichome, na mifugo ihamishwe zamu kwa zamu kwa sababu lile tabaka gumu la juu likishavunjwa na kwato wakati wa kiangazi, upepo unabeba udongo wote. Kwenye mteremko chimba makinga maji ya nusu duara, mdomo uangalie juu maji yanakotoka.

Mkanda wa kukinga upepo usiubane sana, ukiwa mzito kama ukuta upepo unapinduka kwa nyuma na kuchimba, acha kama nusu yake upepo upenye, hapo utalinda eneo la mara 10 ya urefu wa miti au zaidi. Changanya miti ya asili, ila mathenge (ule mti wa miiba wa kigeni, prosopis) hapana, inasambaa hovyo na kuitoa ni kazi kweli.

Kama lazima upande, panda mvua zinapoanza, na chomeka matawi ya miiba upande unaotoka upepo.